Shajara ya metro ya Kochi: tangu nguzo za kwanza hadi mabasi ya vituoni

Ninakaa Kalamassery, kaskazini mwa Kochi katika jimbo la Kerala, India, na kazi yangu ni kupima udongo kabla watu hawajajenga. Sina nafasi yoyote katika mradi wa metro, yaani reli ya abiria ya mjini. Naufuatilia kwa sababu unapita mbele ya macho yangu, na kwa sababu Kochi inakaribia ukubwa wa miji ya kwetu Afrika Mashariki kuliko ilivyo kwa Delhi au Mumbai. Maandishi haya ni ya miaka mingi. Nimeyapanga kwa tarehe na kuyaacha jinsi yalivyoandikwa wakati wake.

Septemba 2012

Tarehe 13 Waziri Mkuu Manmohan Singh ameweka jiwe la msingi. Mwenye mradi ni Kochi Metro Rail Limited, kampuni iliyoundwa mwaka jana, nusu yake mali ya serikali kuu na nusu ya serikali ya Kerala. Ujenzi umekabidhiwa shirika la metro la Delhi, na mshauri mkuu ni E. Sreedharan, mzaliwa wa Kerala aliyeongoza ujenzi wa reli ya Konkan na metro ya Delhi. Njia itaanza Aluva kaskazini, ishuke katikati ya mji, iishie Pettah kusini-mashariki: kilomita 25 na ushee, vituo 22, yote juu ya nguzo. Bajeti ni rupia bilioni 51.8.

Wapo wanaouliza kama mji huu unastahili metro. Sensa ya 2011 inaonyesha watu milioni mbili na kidogo katika eneo zima la mjini, lakini ndani ya mipaka ya manispaa wako kama laki sita tu. Hata hivyo, anayeuliza hivyo asimame barabara ya Banerji saa mbili asubuhi. Mji umebanwa kati ya bahari, mikono ya ziwa na mifereji, kwa hiyo kila anayetoka kaskazini kwenda kusini hulazimika kupita barabara zile zile chache. Nafasi ya kuzipanua haipo. Ndiyo maana naunga mkono reli ya juu, ingawa najua itatusumbua kwa miaka.

Juni 2013

Kazi imeanza rasmi tarehe 7, mvua nazo zimeingia. Upepo unaozileta ni ule ule unaoitwa kusi katika pwani ya Afrika Mashariki, na ukifika hapa unamwaga maji kwa wiki nzima bila kupumzika.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo palipo na kazi yenyewe. Kochi imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi uliotuama baharini kwa maelfu ya miaka, laini, wenye maji mengi. Ukiusimamishia nguzo ya zege moja kwa moja, itazama. Kwa hiyo chini ya kila nguzo inayoonekana barabarani hutangulia nguzo nyingine za msingi, nyembamba na ndefu, zinazoshuka makumi ya mita mpaka kwenye mwamba. Mashine huchimba shimo, na shimo hujazwa tope maalumu la bentonaiti ili kuta zisibomoke. Likifika kwenye mwamba huchongwa tena kidogo ndani ya mwamba wenyewe, kitako chake kikasafishwa, kikapu cha nondo kikashushwa. Kisha zege humiminwa kwa bomba refu kuanzia chini, likipanda na kulisukuma tope litoke juu. Vichwa vya nguzo hizo hufungwa pamoja kwa kitako kinene cha zege, na juu yake ndipo huinuka nguzo ambayo kila mtu ataipiga picha.

Hakuna anayeona kilichotokea kule chini. Unategemea vipimo, unategemea kumbukumbu za mwendesha mashine, na unategemea msimamizi anayekataa kusaini mpaka ajiridhishe kwamba vipande vinavyotoka shimoni ni mwamba wa kweli wala si mawe yaliyooza. Msimamizi akikubali kuharakishwa, hakuna rangi wala bustani itakayofidia.

Machi 2014

Barabara zimefungwa nusu, foleni ni za kuumiza. Nguzo zinapandwa katikati ya barabara, kwa hiyo kabla ya kupanda nguzo lazima barabara ipanuliwe pande zote mbili ili magari yapate pa kupita. Hapo ndipo pagumu. Kando ya barabara kuna maduka yaliyorithiwa kutoka kwa mababu, na mwenye duka la upana wa hatua sita akikatwa hatua tatu hana duka tena. Fidia zinajadiliwa kiwanja kimoja kimoja. Naona wakubwa wenye majumba ya biashara wanaijadili kwa wanasheria, na wapangaji wadogo wasio na hati wanabaki wakitegemea huruma. Hili linaniuma, na sioni likiandikwa kwenye taarifa za maendeleo ya mradi, ambako kila kitu ni asilimia ya zege lililomwagwa.

Jambo moja la busara: kazi za maandalizi zilianza kabla ya reli yenyewe. Daraja la zamani la North linalovuka njia ya treni limejengwa upya, pana zaidi. Edappally nayo, kwenye makutano ya barabara kuu mbili, inapata daraja la magari ndani ya mradi huu huu.

Januari 2016

Treni ya kwanza imefika kwa barabara, juu ya malori marefu, kutoka kiwanda cha Alstom kilichopo Sri City katika jimbo la Andhra Pradesh. Kila treni ina mabehewa matatu na hubeba watu wasiofika 1,000. Mwezi huu huu imejaribiwa ndani ya karakana ya Muttom.

Umeme hautoki kwenye nyaya za juu. Unatoka kwenye reli ya tatu iliyolazwa kando ya njia, volti 750. Kwa mji ambao treni itapita usawa wa madirisha ya ghorofa ya pili, huu ni uamuzi mzuri: hakuna msitu wa milingoti na nyaya juu ya vichwa vya watu. Mfumo wa kuongoza treni ni wa mawasiliano ya redio, ambapo kila treni hutoa taarifa ya mahali ilipo muda wote na kompyuta hukadiria umbali salama kati ya iliyo mbele na iliyo nyuma. Kochi itakuwa ya kwanza India kufungua metro yake na mfumo huo tangu siku ya kwanza.

Juni 2017

Imefunguliwa. Jumamosi tarehe 17 Waziri Mkuu Narendra Modi amezindua kipande cha kwanza, Aluva hadi Palarivattom, kilomita 13 na vituo 11. Abiria wa kawaida wameanza Jumatatu tarehe 19. Nauli ya chini ni rupia 10.

Orodha ya kwanza ya watakaoketi jukwaani haikuwa na jina la Sreedharan. Kerala nzima ililalamika, na jina likaongezwa. Nafurahi watu walilalamika. Mzee wa miaka themanini na mitano aliyesimamia kazi hii tangu mwanzo hakustahili kukaa chini akitazama.

Kulikuwa na heshima nyingine kabla ya uzinduzi ambayo kwangu ina uzito zaidi. Mafundi na vibarua waliojenga, wengi wao wametoka majimbo ya mbali ya kaskazini na mashariki, waliandaliwa karamu ya sadya, ule mlo wa Kerala unaopakuliwa juu ya jani la mgomba, wali na mboga za aina nyingi. Hawa ni watu walioishi katika mabanda ya bati, wakizungumza lugha isiyo ya hapa, wakisuka nondo usiku ili asubuhi barabara ifunguliwe. Natamani kila mradi mkubwa uwe na siku kama hiyo, na mikataba yao iwe na heshima hiyo hiyo.

Sasa jambo la wafanyakazi wa vituoni. Kampuni imechukua wanawake wengi kupitia Kudumbashree, mtandao wa vikundi vya akina mama wa jimbo hili: wanakata tiketi, wanaongoza abiria, wanasafisha. Pia imeajiri zaidi ya watu 20 ambao sheria ya India inawatambua kama jinsia ya tatu. Habari hiyo imezunguka dunia nzima. Lakini ndani ya siku chache baadhi yao wameacha kazi, na si kwa sababu kazi imewashinda. Wenye nyumba wamekataa kuwapangisha. Mshahara wa mkata tiketi hautoshi kulala hotelini kila usiku. Kampuni ilifungua mlango wa kituo, mji ukafunga mlango wa chumba. Nimekasirika sana. Ajira ya namna hii ilihitaji mtu wa kushughulikia makazi kabla ya siku ya kwanza ya kazi, kwa umakini ule ule wa kukagua breki.

Oktoba 2017

Tarehe 3 njia imesogezwa hadi chuo cha Maharaja's, kilomita tano zaidi. Sasa treni inaingia mjini kweli. Kabla ya hapo iliwashusha watu Palarivattom, wakaishia kudandia basi au bajaji kumalizia safari.

Abiria bado ni wachache. Makadirio ya mradi yalizungumzia zaidi ya laki tatu kwa siku. Wanaopanda ni makumi ya maelfu tu. Wapinzani wanafurahi. Mimi naona makadirio hayo yalihesabu njia nzima, na tuliyo nayo ni kipande. Lakini kuna sababu ya pili ambayo kurefusha reli peke yake hakutaiondoa. Kutoka kituo cha Kalamassery hadi hospitali ya chuo cha tiba ni mbali kwa mgonjwa kutembea, na nauli ya bajaji inazidi ya treni. Mtu mwenye pikipiki ataiacha nyumbani kwa lipi?

Agosti 2018

Mafuriko makubwa. Mto Periyar umevunja kingo, Aluva imezama, uwanja wa ndege umefungwa. Karakana ya Muttom nayo imeingiliwa na maji, na huduma ikasimamishwa kwa sababu treni zinalala pale na umeme wake unaanzia pale. Baada ya saa kadhaa zilirudi, zikabeba watu bure. Wakati barabara ya kwenda Aluva ilikuwa maji matupu, reli ya juu ilikuwa kavu, na familia zilizobeba magodoro na mabegi zilipanda bila tiketi.

Naliandika hili kama mpima udongo: njia ilikuwa juu vya kutosha, karakana haikuwa. Awamu ijayo izingatie.

Septemba 2019

Maharaja's hadi Thykoodam, kilomita tano na nusu hivi, imefunguliwa tarehe 3. Kipande hiki kimechukua muda kwa sababu kinavuka reli kuu karibu na stesheni ya Ernakulam South, na treni za masafa marefu hazisimamishwi ili metro ijengwe. Huwezi kuweka jukwaa la kushikilia zege juu ya reli inayotumika. Wahandisi waliinua nguzo pande zote, kisha wakanyoosha mikono ya daraja hewani kutoka kila nguzo, kipande baada ya kipande, mkono wa kulia ukisawazishwa na wa kushoto, mpaka mikono ikakutana katikati juu ya treni zinazopita. Njia yenyewe pale inakata kona kali. Nimewapeleka wanafunzi wa uhandisi wakaitazame kutoka chini, wakakaa kimya wakihesabu vipande.

Mwezi huu huu abiria wamevuka laki moja kwa siku kwa mara ya kwanza. Nauli ilikuwa imepunguzwa nusu, ni kweli. Lakini sasa njia inagusa stesheni kuu ya treni na kituo cha mabasi cha Vyttila, na hilo litabaki hata punguzo likiisha.

Septemba 2020

Baada ya miezi mitano na zaidi ya kufungwa kwa korona, treni zimerudi tarehe 7, na siku hiyo hiyo Pettah imefunguliwa. Njia ya awali imekamilika. Mabehewa yako matupu.

Machi 2022

Nguzo namba 347, karibu na Pathadipalam, imeonekana kuinama kidogo sana, kiasi cha kugunduliwa kwenye reli juu yake kabla ya jicho la mpita njia. Uchunguzi umeonyesha kwamba nguzo zake za msingi hazikukaa kwenye mwamba ipasavyo.

Nimesoma taarifa hiyo nikakumbuka niliyoandika Juni 2013, na moyo umenienda mbio, maana kati ya mamia ya nguzo hii ni moja. Kuna mambo matatu ya kusema. La kwanza, hakuna aliyeumia, kwa sababu ukaguzi wa njia ulifanyika kama inavyotakiwa na mtu aliyeona tofauti ndogo hakuinyamazia. La pili, njia ya kurekebisha ni ngumu lakini inajulikana: kuchimba nguzo za ziada kuzunguka zile za zamani, safari hii hadi ndani ya mwamba, kisha kuzifunga zote kwa kitako kipya kipana kinachogawana mzigo. Mashine inachimba chini ya reli inayotumika, mahali pa kuinua mlingoti ni finyu, na treni zimepunguzwa kati ya Aluva na Pathadipalam wakati kazi ikiendelea.

La tatu ndilo ninalolitilia mkazo. Wananchi wana haki ya kuuliza kuhusu nguzo nyingine zote, na jibu linalostahili ni kumbukumbu za kila shimo: kina chake, sampuli zake, jina la aliyesaini. Karatasi hizo zinafaa kuwekwa wazi.

Juni 2022

Kazi ya 347 imekwisha, treni zimerudi kwenye ratiba yake.

Septemba 2022

Wiki ya habari nyingi. Tarehe 1, Pettah hadi SN Junction imefunguliwa, kipande cha kwanza ambacho Kochi Metro imekijenga yenyewe bila shirika la Delhi. Naliona hili kuwa jambo kubwa kuliko urefu wake wa kilomita mbili pungufu. Mji uliokodi ujuzi kwa miaka tisa sasa una wahandisi wake. Tarehe 7 baraza la mawaziri la India limeidhinisha awamu ya pili: kutoka uwanja wa michezo wa Jawaharlal Nehru kupita Kakkanad hadi Infopark, kilomita 11 na vituo 11, rupia bilioni 19.57. Kakkanad ndiko ziliko ofisi za kompyuta na makao ya mkuu wa wilaya, na huko ndiko foleni zilikohamia.

Aprili 2023

Boti! Tarehe 25 imezinduliwa metro ya majini, mradi uliojengwa na kampuni hiyo hiyo kwa mkopo wa Ujerumani. Boti ya kwanza inaitwa Muziris, jina la bandari ya kale ya pwani hii. Zinajengwa hapa hapa, kwenye karakana ya meli ya Cochin Shipyard: maganda mawili ya alumini sambamba, betri za umeme na jenereta ya akiba, abiria 100. Mpango kamili ni boti 78 na magati 38, kuunganisha visiwa kumi na bara.

Nimeanzia Vypin hadi High Court. Watu wa visiwani wamekuwa wakivuka kwa feri za zamani za dizeli miaka yote, wakirukia sitaha wakati boti inapanda na kushuka na mawimbi. Magati mapya yanaelea, yanapanda na kushuka pamoja na maji, kwa hiyo sakafu ya gati na ya boti ziko usawa mmoja wakati wowote. Nyanya mmoja aliye kwenye kiti cha magurudumu aliingia bila kubebwa na mtu. Anayejua kivuko cha Kigamboni au Likoni ataelewa kwa nini nilisimama pale nikiangalia gati badala ya mandhari.

Ganda limechongwa lisisukume mawimbi makubwa, jambo la lazima kwa wavuvi wa nyavu za Kichina na kwa nyumba zilizo ukingoni.

Kwa upande wa treni, mwaka wa fedha ulioisha mwezi uliopita ndio wa kwanza ambao mapato ya uendeshaji yamezidi gharama zake. Marejesho ya mikopo hayamo katika hesabu hiyo, kwa hiyo asije mtu akasema metro imejilipa. Ila kulipa umeme, mishahara na matengenezo kwa mapato yake yenyewe ni hatua ambayo miji mingi mikubwa zaidi haijaifikia.

Machi 2024

Tarehe 6 kituo cha Thrippunithura kimefunguliwa, cha 25, na njia sasa ina kilomita 28. Miaka karibu kumi na moja tangu shimo la kwanza. Kituo kipo kando ya stesheni ya reli ya kawaida, kwa hiyo anayetoka Kottayam anashuka treni moja na kupanda nyingine.

Kule Kakkanad barabara ya kutoka bandarini kwenda uwanja wa ndege inapanuliwa tayari kwa awamu ya pili. Maduka yanabomolewa tena. Safari hii nimewauliza wapangaji kama wamelipwa chochote. Wengine ndiyo, wengine bado.

Januari 2025

Tarehe 15 yamezinduliwa mabasi 15 ya umeme yanayozunguka kati ya vituo na mitaa: Aluva hadi uwanja wa ndege, gati la Kakkanad hadi Infopark, na Kalamassery hadi hospitali ya chuo cha tiba. Hiyo ya mwisho nimeisubiri tangu 2017. Basi ni dogo, lina kiyoyozi, na mlangoni kuna sehemu ya kulipia kwa simu.

Jioni hii lilijaa wauguzi waliomaliza zamu na jamaa wa wagonjwa wenye vyakula kwenye mabakuli. Dereva wa bajaji aliyeegesha nje ya kituo aliniambia hofu yake ni kukosa abiria wa hospitali, na hofu hiyo ina msingi. Nadhani chama chao kinafaa kupewa mitaa ambayo basi haiwezi kuingia, kwa nauli iliyopangwa, na kiunganishwe kwenye kadi ile ile ya metro. Nimeandika pendekezo hilo na nitalipeleka ofisi za metro wiki ijayo, pamoja na ombi la kuona vipimo vya udongo vya nguzo za kwanza za Kakkanad.